Katibu Jafar na Mwandishi wa Kukodi

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mkutano wa kamati ya chama cha ushonaji leo, chumba cha cherehani, Bwaise. Chai ipo, sukari hakuna. Nilikalia kiti changu cha katibu, chenye mto alioushona mke wangu Rukiah. Sidhani kuna katibu Kampala nzima anayekaa vizuri kuliko mimi.

Raha haikudumu. Mama Kulusum, mwenyekiti wetu, alisema mvua iko njiani. Mwaka jana maji yaliingia humu mpaka kwenye bawaba ya chini ya mlango, cherehani mbili zikaliwa na kutu. Zimebaki sita, na kina mama ni kumi na wanne. Maji yakiingia tena na tena, kila mtu atabeba chake arudi nyumbani, na chama kitakuwa kimekufa. Dawa ni saruji na mawe ya kuinua sakafu. Lile shirika la hisani la Ubelgiji hutoa vitu hivyo, mradi barua ya maombi iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo nikatoa kalamu. Nani mwingine huandika barua za chama?

Akasema safari hii tutafute mtu wa nje, tumlipe, atuandikie.

Mtu wa nje! Na mimi nimekufa? Nimewaandikia Wabelgiji barua tatu katika miaka miwili, bila kulipwa hata kipande cha sabuni. Mama Kulusum akakumbusha majibu yake. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa kadi yenye picha ya kanisa. Ya tatu, Bi Monique wa huko, aliyeishi Bukavu miaka mingi na anasoma Kiswahili, aliandika kwamba amefurahi mno kusikia sisi sote ni wazima na hatujapungukiwa na kitu.

Ndiyo, niliandika hivyo. Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa hatujambo. Mtu haingii nyumba ya watu akilia. Tena siku hizi barua ya ng'ambo hupita kwenye macho mengi njiani. Ukiandika kwamba hali ni mbaya, atatokea wa kukuuliza imekuwa mbaya kwa sababu ya nani. Shida niliitaja, kwa upole, ukurasa wa kumi.

Mama Kulusum hakuridhika. Alisema, "Wewe Jafar, salamu iko mingi, lakini shida iko wapi?" Nikamjibu kwamba asifuye mvua imemnyea, mtu wa nje hajawahi kulowa humu, ataandika nini? Isitoshe, mimi ni bure. Akasema rahisi huvunja upishi. Kina mama wakacheka. Rukiah alicheka zaidi ya wote.

Anayetakiwa ni Obwona, yule Muacholi anayepiga taipu barazani mwa duka la viatu, Barabara ya Bombo. Zamani alikuwa karani wa polisi. Niliomba angalau tushindane: kila mmoja aandike barua yake, kamati isikilize Alhamisi. Wakakubali. Nimerudi nyumbani Kyebando nikipiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimempeleleza adui. Nilivaa koti la mvua la shemeji yangu na kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Kwa Obwona nikajifanya mtu wa Port Bell aliyefiwa na mke, anayetaka barua kwa shangazi.

Ajabu ya Mungu! Hakuuliza habari za shangazi hata kidogo. Aliuliza mke amefariki lini, ameacha watoto wangapi, wadogo wana umri gani, na shangazi nataka afanye nini hasa. Nikajibu, nikajibu, mpaka nikaanza kujihurumia. Watoto wanne! Mdogo hajaota meno! Machozi yakanitoka, ya kweli kabisa.

Obwona akachomoa karatasi taratibu. Alinipa pole kwa msiba. Kisha akasema marehemu amepita hapo muda si mrefu, amebeba kitambaa cha sare, na wamesalimiana vizuri.

Koti lenyewe lina joto sana. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia: Rukiah aliniuliza mazishi yamekwendaje, na kama kuna aliyepika vizuri.

Jambo moja nimeliona wakati natoka. Obwona alifunga taipureta yake, akaenda chumba cha cherehani, jirani tu na pale, na kipande cha kamba. Akapima alama ya maji ukutani. Akahesabu cherehani. Akahesabu na watu! Fundi seremala huyu, au mwandishi? Sina wasiwasi tena.

Alhamisi, 6 Machi

Mashindano.

Nilianza mimi. Kurasa kumi na moja, kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Ukurasa wa kwanza nilimwita Bi Monique dada mpendwa, bila jina, kwani adabu haikimbilii jina; nikamsalimu yeye, baba yake, na mama yake, ambaye kwa umri wake na baridi ya huko lazima magoti yanamsumbua. Niliyaulizia yote mawili, la kulia na la kushoto. Ukurasa wa pili, majirani. Wa tatu, ng'ombe. Acen, mwanakamati mwenzetu, alitoka kuchemsha chai, akarudi na chai imeiva, bado niko kwa ng'ombe. Anena, naye wa kamati, alilia pale kwenye magoti, akasema amemkumbuka mama yake Kitgum. Walipiga makofi marefu. Nilikunywa maji nikisubiri ushindi.

Obwona akatoa karatasi moja. Moja! Ilisema kina mama ni kumi na wanne, wanashona sare za shule kwa cherehani sita, mvua ikinyesha maji hufika bawaba ya chini ya mlango. Wanaomba mifuko arobaini ya saruji na mawe lori mbili. Kazi ya kujenga watafanya wenyewe. Asante. Basi! Hakuna aliyelaumiwa, mkubwa wala mdogo. Obwona alieleza kwamba ameilaumu mvua peke yake, kwa kuwa mvua haina cheo.

Mama Kulusum alitazama sakafu, kisha nikamwona anapandisha miguu yake kwenye ubao wa kiti, kana kwamba maji yameshaingia.

Kura: watano kwa Obwona, mmoja kwangu. Huyo mmoja ni mimi. Nilimtazama Rukiah. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaninyooshea mto wa kiti.

Obwona ana masharti mawili. La kwanza, kilo mbili za sukari. La pili alilisema polepole, akitazama mlango: "Mimi nafanya kazi, lakini jina yangu usiweke." Sote tulijua kwa nini: siku hizi Waacholi hufuatwa usiku. Hii si miaka ya Muacholi aliyekuwa polisi kutaka jina lake lisafiri kwenye bahasha. Hata mimi niliinamisha kichwa, na kwa dakika nzima sikumchukia.

Kwa hiyo atakayetia sahihi ni katibu. Mungu si Athumani!

Jumamosi, 8 Machi

Nimepewa kazi ya kutafuta sukari. Hapo nikapata wazo: bila sukari, hakuna mwandishi wa kukodi. Ningezunguka kidogo, niseme nimekosa.

Ndugu yangu Marjan, mpakuaji mizigo wa Port Bell, akaniharibia. Nilipomtajia sukari tu, alitoa kilo mbili chini ya kitanda. Watu wote wanalia sukari hakuna, yeye anayo! Sikuweza kukataa. Nilikuja nayo Kyebando, nikaificha ndani ya pipa la mahindi ghalani, nikaenda kumwambia Mama Kulusum kwamba nimetembea mji mzima mpaka soli imetoboka.

Alinihurumia sana, mpaka jioni akaja nyumbani kunipa pole mwenyewe. Alikaa uani. Rukiah akamletea maji. Mara tukaona sisimizi wanapita katikati ya miguu yake, mstari mmoja, wamenyooka kama watu wanaongoja sabuni dukani. Mama Kulusum aliwatazama. Akasimama, akawafuata mpaka ghalani, akafunua pipa.

Nilieleza kwamba naitunza kwa usalama. Alisema usalama umekuwa mkali kweli.

Obwona amelipwa. Halafu mtu huyo akamega nusu kilo, akairudisha kwa chai ya kamati! Ndiyo tabia gani hiyo? Nimekunywa vikombe vitatu, na nakiri chai ilikuwa tamu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo kazi kubwa. Mama Kulusum alinikabidhi karatasi ya Obwona, imepigwa taipu, imepigwa muhuri, na bahasha iliyokwisha bandikwa stempu. Nikatia sahihi yangu ya mikia miwili. Akaniagiza niende posta moja kwa moja.

Nilikwenda moja kwa moja. Lakini mfukoni nilikuwa na kurasa zangu kumi na moja. Sikukusudia kuiba kazi ya mtu. Nilikusudia kuivisha nguo tu, isifike Ubelgiji uchi. Zangu zitangulie, yake ifuate kama mkia.

Karani wa posta akapima. Akasema stempu hizi zinabeba karatasi mbili, hazizidi hapo, na za kuongeza hakuna wiki hii. Nikasimama pale na karatasi kumi na mbili mkononi, foleni inanung'unika. Ya Obwona siwezi kuitoa, ndiyo yenye muhuri na sahihi. Barua isiyo na muhuri ni yatima. Ikabaki nafasi ya karatasi yangu moja. Nitachagua ipi? Wa saba, wenye mvua? Wa kumi, wenye shida? Hapana. Nani huanza barua katikati? Nikachukua ukurasa wa kwanza.

Hapo mkono ukatokea juu ya bega langu, ukaichukua. Mtu wa miwani myeusi, shati la maua, mmoja wa wale wa usalama. Foleni ikarudi nyuma. Aliuliza barua inakwenda wapi. Nikasema Ubelgiji. Akaanza kusoma palepale, wima, na karatasi ya Obwona ikiwa chini ya kiwiko changu, na karani anatazama dari.

Alisoma. Akauliza, "Hii magoti ni ya nani?" Nikasema ya mama yake Bi Monique. Akauliza kama namjua mama huyo. Nikasema simjui. Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akapiga mwayo, mkubwa, nikaona meno ya nyuma. "Enda, mzee. Barua yako inaleta usingizi."

Hakuuliza ya pili. Nilibandika bahasha kwa mate kidogo niliyobakiwa nayo, nikaitumbukiza. Nje nilikaa kwenye ngazi mpaka magoti yangu mwenyewe yakatulia. Nikamwambia Mama Kulusum kwamba barua imekwenda. Sikusema ina karatasi ngapi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Saa nne maji yameingia chumba cha cherehani, ya rangi ya chai ya maziwa, yanaleta ndala za watu. Tulipandisha cherehani juu ya meza. Obwona alikuja bila kuitwa, suruali ameikunja, akabeba ile nzito ya zamani kichwani peke yake.

Nilimwona Rukiah amesimama ndani ya maji, ameikumbatia cherehani yake kama mtoto. Ile cherehani ndiyo iliyomsomesha binti yetu Sitti mpaka akawa mwalimu. Nikafikiria ule ukurasa niliouchomeka. Bi Monique akisoma magoti, akacheka, akatupa vyote viwili, je? Nimeona aibu leo. Aibu ya kweli. Nilifungua kinywa nimwambie Rukiah kila kitu, lakini akanipa pembe ya meza niinue, nikainua.

Nimeapa. Saruji ikija, sitagusa tena barua ya mtu, na salamu zangu zitakuwa neno moja tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Imekuja! Imekuja! Nilitoka swala ya Ijumaa, nikamkuta Mama Kulusum na bahasha ya Ubelgiji, hajaifungua, ananingoja katibu. Tukakusanyika Bwaise. Obwona alikaa karibu na mlango. Nikasoma kwa sauti.

Saruji mifuko arobaini. Mawe lori mbili. Vitatolewa wiki ijayo kwenye ghala la misheni, tukavichukue. Bi Monique ameandika kwamba wameamua kwa siku moja, kwani tangu aanze kazi hiyo hajapata barua inayomwonyesha wazi namna ile watu ni wangapi, maji yanafika wapi, na mwombaji anataka nini. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mwenye duka la viatu akaja kuuliza nani anaolewa. Anena alimkumbatia Acen, Acen akanikumbatia mimi. Mama Kulusum alikaa chini, akafuta macho kwa ncha ya gauni, akasema sasa atalala mvua ikinyesha. Obwona alitabasamu kidogo tu. Kisha akaulizia kama pale misheni pana toroli.

Kulikuwa na aya ya mwisho. Niliipitia kimoyomoyo. Bi Monique anasema ndani ya bahasha yetu kumeingia kwa bahati mbaya ukurasa wa barua ya kifamilia ya mtu, anaurudisha usije ukatafutwa, na anamtakia mgonjwa wa magoti nafuu ya haraka.

Na kweli ukurasa wangu ulikuwamo, umekunjwa vizuri kuliko nilivyoukunja mimi.

Sikuona sababu ya kuisoma aya hiyo mbele ya watu. Lakini Rukiah alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na Rukiah anajua kusoma. Alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. Njia nzima kurudi Kyebando alikuwa akiniuliza goti la kulia halijambo? Na la kushoto?

Na acheke. Mimi nimetafakari. Sahani ya jirani hurudishwa kwa sababu chakula kimeliwa na kimekuwa kitamu. Bi Monique amesoma, ameshiba, amerudisha sahani. Kama asingelainishwa moyo na ukurasa wangu, angeisoma ile karatasi kavu kweli? Haya yote kamati haiwezi kuyaelewa. Nimepiga ukurasa ule msumari ukutani, juu ya kitanda.

Jumapili, 27 Aprili

Asubuhi nimepata wageni. Wazee watatu wa Kyebando, wa chama cha kisima, mkubwa wao Hajji Olweny. Walivaa vizuri. Walikaa, wakakohoa, wakasema wamesikia ya Bwaise. Wao kisima chao kimebomoka, watoto wanateka maji ya dimbwi, wameandika wenyewe mara mbili na hawakujibiwa. Wamebishana wiki nzima kama ni halali chama kumlipa mtu wa nje aandike. Mwisho wamekubaliana kwamba mtu wa nje ndiye huona vizuri. Na kwa kuwa sahihi iliyoleta saruji ni yangu, wamekuja kwangu. Ujira ni jogoo.

Nilifikiria kuwapeleka kwa Obwona. Nilifikiria kwa uaminifu kabisa, kwa muda wa funda moja zima la chai. Halafu nikawaambia kwamba wamefika.

Niliwaeleza pia kwamba chama chochote chenye akili lazima kiajiri mtu wa nje, nimelisema hili siku zote. Rukiah alikuwa akimenya ndizi jikoni. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

Nikawauliza barua inakwenda kwa nani. Kwa bwana mmoja wa Denmaki, hawamjui zaidi ya jina. Nikawaambia hilo si tatizo. Hajji Olweny alitaka kunipeleka nikakione kisima, nihesabu nyumba, nipime kina. Nikamtuliza. Jogoo nimeshamfunga mguuni, ana rangi nzuri, tumependana. Nimevuta meza hadi kivulini, nimechonga kalamu mbili, nimekalia mto.

Nilianza saa tatu. Sasa wanaadhini adhuhuri, wazee wamesinzia kwenye mkeka, na kazi inakwenda vizuri mno. Nimeshafika kwa mashemeji wa bwana wa Denmaki.